Misheni Si Ziara

Neno kuu: Luka 10:1–9
Soma pia: Yakobo 2:14–17, 1 Wathesalonike 2:7–8

 

Leo nina neno, lakini kabla ya neno nina maungamo. Mnakumbuka mwezi wa tisa mwaka jana nilisimama hapa mbele nikasoma ripoti ya misheni ya Kilifi. Tulikuwa na picha kwenye ukuta. Mlipiga makofi. Mama mmoja wa kwaya alipiga vigelegele mpaka mtoto akaamka. Nilisema hivi: tulienda Ganze siku tatu, watu 34 kwa basi moja, tukatumia shilingi 413,000, na watu 118 wakaokoka.

Mnajua mimi nilisomea biashara chuo kikuu kabla Bwana hajaniita. Hesabu iko kwa damu. Kwa hiyo mwisho wa ile ripoti niliweka mstari mmoja ambao niliuonea fahari sana. Niligawanya zile pesa kwa zile roho, nikapata shilingi 3,500 kwa kila roho. Nikaandika kwamba hiyo ni nafuu kuliko misheni ya mwaka uliotangulia.

Wapendwa, niliandika bei ya roho. Hakuna mtu aliyenikemea, na mimi mwenyewe sikuona haya. Leo naona haya, na nataka niwaambie kwa nini.

Kilichotokea niliporudi

Mwezi wa pili mwaka huu nilienda mazishi Mombasa. Baada ya mazishi nikabaki na siku mbili, nikajiambia: acha nipande matatu nifike kule kijijini nisalimie wale watoto wetu wa kiroho. Nilikuwa peke yangu, bila fulana ya misheni na bila spika. Mchungaji wa kanisa dogo la pale alinipokea kwa boda boda. Ni mtu mpole. Kanisa lake ni miti, mabati na mabenchi sita.

Nikamuuliza, "Mchungaji, wale 118 wako wapi?"

Akanyamaza. Akafanya kama mtu anayetafuta neno lisiloumiza. Akasema, "Wanne wanakuja. Na kati ya hao wanne, wawili walikuwa wanakuja hata kabla yenu."

Halafu akanipeleka kwa bibi mmoja. Sisi hapa Gatina tungemwita shosho. Kule kwa Wagiriama wanasema Hawe. Nikamwamkia, akanipa kiti, yeye akakaa kwenye mkeka. Nikamuuliza kama anakumbuka wale watu wa Nairobi. Akasema anawakumbuka. Nikamuuliza kama siku ile aliinua mkono. Akacheka kidogo.

"Mwanangu, mkono niliinua. Lakini ule mkono ulikuwa unaomba unga."

Ndipo nikakumbuka vizuri tulivyofanya. Tulihubiri kwanza. Tukaita watu waokoke. Tukaomba nao. Halafu tukasema wale walioombewa wapange foleni upande huu, na unga ulikuwa upande huu huu. Mtu ana watoto nyumbani, mvua imekataa, mahindi yamekauka shambani. Wewe ungeinua mikono mingapi? Mimi ningeinua yote miwili.

Lakini Hawe hakuwa amemaliza. Akaniangalia akasema, "Nami nilikuwa na swali siku ile, nikaogopa kuuliza. Nyinyi mlikuwa wale wa kula au wale wa kutokula?"

Sikuelewa. Yule mchungaji akanielezea polepole. Wapendwa, Shakahola iko kwenye kaunti ile ile. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika ule msitu, watu wazima na watoto, waliofundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watamwona Yesu. Sisi tuliitazama kwa televisheni hapa Kawangware, tukatikisa kichwa, tukarudi kazini. Wao wanaishi huko. Kwao, mgeni anayefika na Biblia na kipaza sauti si habari njema moja kwa moja. Lazima kwanza wajue amekuja kuwafanya nini.

Yule bibi alikuja mkutanoni akiwa na hofu hiyo moyoni, na sisi tukamhesabu. Alikuwa labda nambari 57 au 90. Hakuna mtu wetu aliyekaa naye muda wa kutosha kusikia swali lake.

Sisi wa Gatina tunajua kutembelewa

Jambo lililoniumiza zaidi ni hili. Kama kuna watu hapa duniani ambao hawakupaswa kukosea namna hiyo, ni sisi.

Mimi nimelelewa hapa hapa, chumba cha kumi kwa kumi, tukinunua maji kwa mtungi. Wengi wenu mnaijua hiyo hadithi kwa sababu ni yenu pia. Mnajua zile gari zinazoingia kutoka Naivasha Road, wageni wanashuka na kamera, watoto wanaambiwa waimbe, halafu wanapewa biskuti na soda. Nilikuwa na miaka tisa nilipopigwa picha nikiwa na kikombe cha uji, kamasi iko hapa. Yule mgeni hakuniuliza jina. Hiyo picha sijawahi kuiona mpaka leo. Labda iko ukutani kwa mtu, mahali fulani.

Sasa ukirudi kwa ile ripoti yangu, picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya mtoto wa Ganze ameshika pakiti ya unga. Niliipiga mimi kwa simu yangu. Sikumuuliza jina.

Mwambie jirani yako: tulijifunza vibaya. Tulifanyiwa, halafu tukapata nauli ya basi, tukaenda kufanyia wengine.

Yesu aliwatuma vipi?

Tufungue Luka 10. Yesu anawatuma wanafunzi sabini, wawili wawili. Kama ningekuwa mweka hazina wa ile safari ningepinga. Anawaambia wasibebe mfuko wa pesa wala mkoba wala viatu vya ziada. Hakuna bajeti! Kisha anawaambia wakifika kwenye nyumba waanze na amani. Wakipokelewa, wakae hapo hapo, wale na kunywa wanachopewa, wasihamehame nyumba hadi nyumba. Wawaponye wagonjwa. Ndipo waseme kwamba ufalme wa Mungu umekaribia.

Angalieni huo mpangilio, wapendwa. Amani, kukaa, kula, kuponya, halafu kuhubiri. Sisi tulianza na kuhubiri, na kukaa hatukukaa.

Na habari ya kula niseme ukweli. Tulienda na mpishi wetu. Tulikula kwenye darasa la shule tukiwa tumefunga mlango, ili watu wasione kuku. Maji yetu yalikuwa ya chupa. Kwa siku tatu hatukukubali hata kikombe kimoja kutoka kwa mwenyeji. Tulijiambia hatutaki kuwalemea maskini. Inasikika vizuri, sivyo? Lakini mtu ambaye hawezi kukupa chochote hawezi kuwa rafiki yako. Atabaki kuwa kazi yako tu.

Ile siku ya mwezi wa pili, Hawe alinipikia sima na mchunga. Mchunga ni mboga yao chungu, wanaipika na tui la nazi wakiwa nalo. Siku ile tui halikuwepo. Nikala. Hapo ndipo alipoanza kuongea. Yote niliyowaambia leo niliyapata baada ya lile sahani. Kwa ule mkutano wetu wote wa siku tatu, na spika nne, sikupata hata nusu yake.

Rabai: tawi ambalo ningelifunga

Nikirudi Nairobi nilishuka Mazeras, nikaingia Rabai. Ni karibu tu na barabara kuu ya Mombasa. Nilitaka kuona mahali ambapo misheni ya kanisa la kiprotestanti nchini kwetu ilianza, maana nilikuwa nimesikia jina tu.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa saba mwaka huo huo mke wake Rosina akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata siku chache baadaye. Kaburi liko upande wa Nyali. Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, na hao wawili wakapanda mlima kwenda Rabai wakiwa bado wanatetemeka kwa homa. Wazee wa Rabai ndio waliowakubalia kukaa. Mnaona? Walianza kwa kupokelewa.

Wengi tunajua sehemu ya sifa: kwamba Rebmann aliuona Kilimanjaro na theluji yake mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849, na wasomi wa Ulaya wakabisha kwamba theluji haiwezi kuwa karibu na ikweta. Lakini sehemu ninayotaka leo ni nyingine.

Krapf aliondoka mwaka 1853 afya ikiwa imeharibika. Rebmann akabaki. Alizika mtoto, akazika mke. Alikaa mpaka 1875. Fanya hesabu: miaka 29. Na waliobatizwa kwa ile miaka yote walikuwa wachache sana, kikundi kidogo ambacho kingekaa kwa mabenchi mawili ya mbele hapa. Mmoja wa wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, mtu mlemavu na maskini, aliyebatizwa akiwa karibu kufa.

Sasa nivae tena kofia yangu ya biashara. Niletee hizo hesabu mezani: miaka 29, makaburi matatu, waumini wachache, wa kwanza amekufa tayari. Ningeandika nini kwa ripoti? Ningeandika: tawi hili lifungwe. Na ningepigiwa makofi.

Lakini sikiliza kilichofuata. Mwaka 1864 walikuja kusaidia vijana Waafrika waliokuwa wameokolewa kutoka utumwani na kulelewa Nasik, India. Mmoja wao aliitwa William Jones. Jones huyu ndiye baadaye aliyeongoza kazi ya Rabai. Katika miaka yake, watu waliotoroka utumwa kwenye mashamba ya pwani walikimbilia Rabai kwa sababu walisikia kuna mahali watu hawaondoki na hawakufukuzi. Mwanzoni mwa mwaka 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha Rabai na vituo vingine vya misheni walipewa hati za uhuru wao.

Mtoro anayetafutwa na bwana wake hawezi kukimbilia mkutano wa siku tatu. Anakimbilia mahali penye mlango unaojulikana. Ile miaka 29 iliyoonekana hasara ndiyo iliyoweka mlango.

Na kuna jambo moja zaidi, hili ndilo lililonifanya nikae chini pale Rabai. Rebmann alipoondoka mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu kabisa. Aliyesafiri naye mpaka Ulaya kumwongoza alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa mzee Abe Gunja, mmoja wa wale waumini wachache. Mtu aliyekuja kuwaonyesha watu njia aliishia kushikwa mkono na mmoja wao. Rebmann alikufa mwaka uliofuata. Nyondo akarudi nyumbani akatumika katika kanisa.

Wapendwa, kwa ile ripoti yangu hakukuwa na safu ya kuandika mtu kama Nyondo.

Mambo matatu nataka tuyashike

Kwanza, tutenganishe unga na mkono. Sisemi tusipeleke chakula. Hasha! Yakobo anasema wazi kwamba ukimwambia mwenye njaa aende kwa amani na humpi kitu, imani yako imekufa. Tupeleke. Lakini tupeleke kwanza, kwa wote, aliyekuja ibadani na asiyekuja, Mkristo na Mwislamu na anayefuata mila za wazee wake. Tukishatoa, tunyamaze kidogo. Mtu akitaka kumjua Yesu baada ya hapo, ajue hakuna gunia nyuma ya mlango.

Pili, twende kama wageni. Mgeni hubisha hodi. Mgeni hula alichopewa. Mgeni anauliza jina la mtu kabla ya kumpiga picha, na akikatazwa anarudisha simu mfukoni. Na baada ya Shakahola, mgeni mwenye Biblia anapaswa kujitambulisha kwa wazee wa kijiji na kwa chifu, kuhubiri mchana mahali pa wazi, na kukubali kuulizwa maswali. Mhubiri anayekasirika akiulizwa swali, mpendwa, mkimbie. Hata kama ni mimi.

Tatu, tukae. Paulo aliwaambia Wathesalonike kwamba aliwapa injili na pia maisha yake, kwa sababu walikuwa wamekuwa wapenzi wake. Huwezi kumpa mtu maisha yako kwa siku tatu.

Tunachopendekeza

Nilimpelekea Askofu haya yote nikidhani atanikemea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mchungaji, yaseme madhabahuni vile ulivyoniambia." Ndiyo maana niko hapa.

Pendekezo ni hili. Mwaka huu hatutaenda na basi wala spika. Tutume watu wanne, wanne wale wale, mara moja kila miezi mitatu, kwenye kijiji kile kile, kwa miaka mitatu. Watakuwa chini ya mchungaji wa pale, yeye ndiye mwenyeji na yeye ndiye ataamua kazi. Nilimuuliza anahitaji nini kwanza. Hakuomba kipaza sauti. Aliomba mifereji kwenye mabati ya kanisa na tangi la maji, ili mvua ikinyesha akina mama wasiende mbali na mitungi. Kuna mtu hapa Gatina ambaye haelewi hilo ombi?

Najua kuna manung'uniko. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza nje ya lango: "Mchungaji, mwisho wa mwaka tutaonyesha watu nini? Tangi moja na watu wanne?" Ni swali la haki. Sadaka ni ya mama mboga, ni ya mtu wa mjengo, ni ya kijana wa boda. Kila shilingi ina jasho, na tutaisomea hesabu hapa mbele, risiti kwa risiti. Hiyo sehemu ya biashara siiachi.

Lakini jibu langu kwa mzee ni kwamba huenda tusiwe na cha kuonyesha. Huenda mwaka wa kwanza uishe na hakuna mkono hata mmoja ulioinuka. Nawaomba mkubali kutuma watu mkijua hivyo. Wazee wa kanisa watakaa Jumamosi ijayo kuamua. Wakikataa nitatii, lakini mimi nitarudi kwa nauli yangu, maana Hawe aliniuliza nitakuja lini, nikamwambia mwezi wa nane. Nimeahidi.

Ile ripoti nimeiomba ofisini. Nimefuta ule mstari wa shilingi 3,500. Mahali pale pa 118 nimeandika wanne, na majina yao, na wao wameniruhusu.

Neno la mwisho ni kwako uliyekaa hapa asubuhi hii. Labda wewe pia, wakati wa korona mwaka 2020 au wakati mwingine, uliinua mkono kwa sababu ya unga. Uliingia kwenye foleni, ukaandikwa, ukabaki na aibu yako kimya. Sikulaumu. Yesu aliwalisha watu elfu tano, ingawa wengi baadaye walimtafuta kwa sababu ya mkate. Leo hakuna unga hapa mbele. Hakuna picha itakayopigwa. Kama una swali ambalo umeogopa kuuliza, njoo baada ya ibada, tukae pale kwa benchi la nyuma. Nina chai, na sina haraka.

Maombi: Baba, utusamehe tulipowahesabu watoto wako kama bidhaa. Wakumbuke watu wa Ganze, uwape mvua. Wafariji waliopoteza jamaa zao Shakahola. Wape wazee wetu hekima Jumamosi. Tufundishe kukaa. Kwa jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Ni lini ulisaidiwa kwa njia iliyokuacha na aibu? Ni lini ulisaidiwa ukabaki na heshima yako?
2. Katika Luka 10, kwa nini unadhani Yesu aliwakataza kuhama nyumba hadi nyumba?
3. Kuna jirani kwenye ploti yenu ambaye umemhubiria lakini hujawahi kula kwake? Ungeanzaje?